Wakili wa Mwanahawa

Sheria ilitaka wakili abebe maumivu ya mteja wake mpaka siku ya hukumu, asije akamtetea kwa maneno matupu. Ndiyo maana Mwanahawa, aliyevunjwa nyonga na lori la kokoto, alimtafuta wakili mzoefu, Bi Faidha. Tangu watie saini, mwili wake haukuhisi tena chochote.

Asubuhi moja simu iliita akiwa anachambua mchele.

"Binti yangu, mtoto hajanyonya," alisema Bi Faidha kwa taabu. "Matiti yamejaa, yanauma."

Kweli, kanga ilikuwa imelowa maziwa. Mwanahawa akampakata mtoto, akamnyonyesha huku akimtazama kama mtoto wa jirani.

Kwenye simu, Bi Faidha alishusha pumzi.

"Nyonya," akabembeleza taratibu. "Nyonya, mwanangu."