Sauti ya Mama Kwenye Mashine ya Vifaranga

Siku hizi kila mashine ya nyumbani huzungumza kwa sauti ya marehemu wa nyumba hiyo; ndiyo sheria. Yangu ya kutotolea vifaranga ina sauti ya mama.

"Nyamizi, njoo uone," iliniita asubuhi.

Niliinama kwenye kioo, mwanangu Masele mgongoni. Mayai yalikuwa yakitikisika yenyewe.

"Sasa sikiliza."

Kweli, mlio mwembamba ulitoka ndani ya yai ambalo hata halijapasuka. Baadaye likapata ufa mdogo. Mkono wangu ukaenda mlangoni.

"Acha! Ukifungua, unyevu utatoka na utando wa yai utawakaukia mwilini. Kiherehere chako hakiishi tu?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nani mwingine angenigombeza hivyo?

"Asante, mama."

Jioni vifaranga walikuwa wameshatoka na manyoya yamekauka. Nikafungua, nikawaita, hakuna aliyegeuka. Mama alipowaita, wote wakakimbilia kwenye spika.

Masele akahangaika mgongoni, akanyoosha mikono juu ya bega langu kuelekea kule kule.

"Mama," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza.