Mchunga Sindano

Dekow alishona kanzu nzuri kuliko zote alizowahi kushona, kisha akaharibu mshono mmoja kwa makusudi.

Mshono wenyewe ulikuwa wa mgongoni, ukishuka kutoka kwenye kola hadi kwenye pindo. Aliushona kwa cherehani ndogo ya mkono aliyoinunua kwa mkimbizi kutoka Kismayu, kuukuu hata babu yake angeiamkia. Haikuwa na uzi wa chini. Ilishona kwa uzi mmoja tu, kitanzi ndani ya kitanzi, kama mdomo wa gunia la sukari. Na kila mtu Garissa anajua gunia la sukari linavyofunguliwa: shika ncha, vuta, kazi imekwisha.

Ncha aliiacha nyuma ya kola, urefu wa kidole, akaikunja kwa ndani.

Dekow alizipenda cherehani za zamani. Alikuwa nazo tano kibandani kwake, mtaa wa Waberi, akizifungua, akizipaka mafuta, akizisikiliza zinavyopumua. Mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Miaka kumi na minne nyuma, alipotuma posa kwa Jawahir, kaka yake Jawahir, Salat, tajiri wa ng'ombe, alisimama nyumbani kwake mbele ya wazee wote akasema, "Mwanamume huchunga ng'ombe. Huyu anachunga sindano. Dada yangu simpi."

Watu walicheka. Jawahir akaozwa Mandera. Mji nao ukambandika Dekow jina la Mchunga Sindano, hadi watoto wa madrasa wakalijua. Wanaosema maneno makali hayavunji mfupa hawajawahi kuitwa hivyo sokoni, mama yao akisikia. Dekow hakuoa. Alimchukia Salat kila alfajiri bila kukosa, kama anavyopiga mswaki.

Basi Jumatatu hiyo Salat mwenyewe akaingia kibandani. Mvi zilikuwa zimemjaa ndevuni. Akaweka mezani kitambaa cheupe, laini, cha kutoka Jidda.

"Nataka kanzu. Kabla ya Ijumaa."

Dekow akachukua tepu ya kupimia.

"Acha," Salat akasema, akirudi nyuma hatua moja. "Jipime wewe. Kimo chetu ni kimoja."

Hata kuguswa na fundi hataki, Dekow aliwaza, na damu ikamchemka.

"Na Ijumaa baada ya swala njoo nyumbani," Salat akaongeza. "Nina wazee. Usikose, wallahi."

Ala! Sasa anataka Mchunga Sindano asimame mlangoni, pindo likilegea amrekebishie mbele ya wageni. Vyema. Dekow angekwenda. Angemkumbatia mwenye nyumba kama ndugu wa tumbo moja, mkono nyuma ya shingo, kisha angevuta. Tajiri wa ng'ombe abaki na vesti mbele ya wazee walewale. Tuone safari hii nani atacheka.

Alhamisi Salat alipokuja kuichukua kanzu, hakuikunjua wala kuitazama. Alisema tu, "Mkono wako umebarikiwa," macho yakiwa chini, akaondoka. Kiburi cha mtu huyu! Dekow alimsindikiza kwa tabasamu hadi akapotea kwenye vumbi. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea.

Ijumaa nyumba ilijaa. Wazee waliegemea mito, chai ya viungo ikizunguka, nyama ya mbuzi ikinukia kutoka uani. Dekow aliketi karibu na mlango, vidole vikimwasha.

Salat akaingia. Alikuwa amevaa kanzu yake ya siku zote. Ile mpya aliishika mikononi, ikiwa bado imekunjwa.

"Wazee," alisema, "miaka kumi na minne iliyopita nilimvunjia mtu heshima mbele yenu. Marehemu mama aliniusia nimlipe haal yake, fidia ya aibu. Na fidia hiyo hulipwa palepale aibu ilipotendeka. Dekow, walaal, ndugu yangu, simama."

Dekow aling'ang'ania mto. Wazee wakamsimamisha. Mzee Dubow, mkubwa wa ukoo, akamvua shati kwa mikono yake mwenyewe kama anayemwandaa bwana harusi.

"Hapana," Dekow alisema. "Salat, hapana. Sistahili."

Wazee wakatikisa vichwa, wakausifu unyenyekevu wake. Kanzu ikamshuka mwilini na kumkaa sawasawa, mabegani, mikononi, kifuani. Ingeachaje kumkaa?

"Na la pili," Salat akasema. "Jawahir amerejea wiki hii kutoka Mandera. Ni mjane, eda yake imekwisha. Yuko nyuma ya pazia hilo. Ameniambia nitamke mbele ya watu: ukimtaka, naye anakutaka."

Pazia likatikisika kidogo.

Dekow aliitafuta ile chuki yake ya kila alfajiri, hakuiona. Machozi yalimtoka bila haya. Akainua mkono haraka aupeleke nyuma ya shingo yake, aifiche ile ncha, lakini Salat alikuwa amekwisha kumkumbatia, amembana mikono yote miwili kwa nguvu za mtu aliyetua mzigo.

"Nisamehe, walaal," alinong'ona, akimpapasa mgongoni, akipandisha mkono hadi shingoni. Vidole vyake vikasimama kwenye kola.

"Ngoja," alisema kwa upole, "kuna uzi umebaki hapa."

Akauvuta.