Mguu Unaouma

Kutoka gatini hadi hotelini magari hayakupita. Wageni walipanda mlima kwa punda. Kwenye mwinuko mkali kila abiria hushuka, punda apumue. Tunu, aliyekuja mapumzikoni, alishika mguu, akasema unamuuma.

"Basi kaa, mwanangu," alisema Bi Mwanakheri, mwenye punda. Akalishusha sanduku la Tunu, akajitwika mwenyewe.

"Leo punda wako wawili," mgeni mwingine akatania. Wakacheka, Tunu naye akacheka.

Kileleni Bi Mwanakheri alitua sanduku akihema, akapiga magoti, akatoa kichupa cha mafuta ya karafuu.

"Nipe huo mguu niukande."

Tunu aliitazama miguu yake. Hakukumbuka kule chini alikuwa ameshika upi.

Polepole, akavua viatu vyote viwili.