Zabibu Ndani ya Mangungu

Jumanne, tarehe 14 Aprili 1953, saa nne asubuhi, Papa Amuri alifungua jani la kwanza la mangungu, yale majani mapana ya kufungia chakula, mbele ya patron wake, Mzungu mwenye shamba.

Kwa miaka mitatu alikuwa amejifunza tabia za zabibu ile nyeupe ya divai. Ganda lake lilikuwa jembamba kama kope la mtoto mchanga. Ukiligusa kwa ukucha tu, limepasuka.

"Mvua isizipate," patron aliagiza alipoondoka kwenda Yanonge. "Zikioza, nyumba yako ya kambi nitapatia mwingine." Hakuacha hata turubai. Basi Amuri akafunga kila kishada kwa jani, jinsi marehemu mkewe alivyofunga samaki wa liboke wa kupika motoni katika nyumba hiyohiyo.

Sasa kishada kilikuwa kimeota manyoya ya kijivu. Maji yake ya uvuguvugu yalimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Umezipika kama liboke!" patron akafoka.

"Lakini mvua haikugusa hata moja, patron."

"Bon. Kesho utoke mu nyumba."

Akageuka kuelekea gari lake. Amuri akamfuata, mkono bado unachuruzika.

"Patron, nani alikuambia muti ya zabibu ya Ulaya itazoea joto ya huku?"