Nyota Aliyoichagua Baba

Wafu wetu hupelekwa kwenye mawe yanayozunguka jua, na kila familia hutumiwa picha za jiwe lake. Jioni unamuuliza marehemu swali. Asubuhi ukikuta jiwe limeng'aa zaidi, amekubali.

Jana Baba alimuuliza Mama kama niolewe na Ambakisye. Leo jiwe liling'aa.

"Alinibishia maisha yake yote, mwanangu Tumpe," Baba alisema akicheka, "lakini kwa Ambakisye kakubali mara moja!"

Sikumtaka Ambakisye, ila niliona haya kusema. Nikachukua picha zote za jiwe, mpya na za zamani, nikapima upya. Mwanga wa jiwe hupimwa kwa kulinganishwa na nyota iliyo jirani nalo. Yetu aliichagua Baba siku ya matanga, kwa uzuri wake tu. Nilipotumia nyota nyingine, jiwe halikuwa limebadilika hata siku moja. Nyota ya Baba ndiyo iliyokuwa ikififia mara kwa mara, jiwe likaonekana kung'aa.

"Baba," nilisema, "Mama hajawahi kutujibu."

Alizipekua picha hadi akafikia moja ya zamani.

"Na tulipomuuliza kama tuzime mashine ya kupumulia ya kaka yako Lusajo?"

Harusi haikutajwa tena. Baba alikwenda kuketi kwenye kitanda cha Lusajo, ambacho bado tunakitandika.