Mkono wa Coletha

Ng'ombe alikuwa amelala zizini tangu alfajiri, na mguu mmoja tu wa ndama ndio uliochungulia nje. Wanaume wote walikuwa wamekwenda kujenga nyumba katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mhunze.

"Mguu wa pili umejikunja humo ndani," mama mkwe wa Coletha alisema. Alikuwa amezalisha ng'ombe miaka mingi, lakini sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, havikunjuki. "Paka sabuni, mwanangu. Utaingiza mkono wewe."

Coletha alirudi nyuma. "Mayu, mama yangu, mimi hata ugali unanitokea madonge. Nitamuua."

"Ugali wako nimeula mwaka mzima, na bado mimi ni mzima."

Coletha alicheka huku machozi yakimlengalenga. Akapaka sabuni hadi kiwikoni, akapiga magoti, akaingiza mkono.

Kulikuwa na joto kuliko alivyodhani. Misuli ilimbana mpaka vidole vikafa ganzi, akangoja. Ilipolegea akapapasa taratibu: pua, shavu, kisha goti lililojikunja. Akalifuata mpaka kwenye kwato, akaifunika kwa kiganja isimchane ng'ombe, akaivuta polepole hadi mguu ukanyooka.

Sasa miguu ilikuwa miwili.

"Vuta," mama mkwe alisema. "Vuta sasa."

"Bado, Mayu," Coletha alijibu bila kugeuka. "Hajasukuma. Nitakwambia."

Mama mkwe akachuchumaa kando yake, akangoja kuambiwa.