Makoti ya Bandia

"Mama Sankale, haya manyoya ni bandia kweli?" mteja aliuliza, akilipapasa koti.

"Hakuna mnyama aliyekufa hapo," nilimjibu, kama nilivyowaapia wateja wengine msimu huu wote wa baridi. Nikanyofoa manyoya kidogo, nikayachoma kwa kiberiti. Ya bandia huyeyuka kama nailoni.

Haya yalijikunja, yakawa majivu, yakanuka kichwa cha mbuzi kikibabuliwa.

Nikachana bitana kwa meno. Ndani, vipande vya ngozi vimeungwa kimoja kimoja, kila kimoja saizi ya paka.

Nikampigia aliyeniuzia kwa jumla.

"Siku hizi ngozi halisi haina soko," alicheka. "Wewe sema bandia tu. Nani atachoma?"

Nikafunga kibanda, nikabeba makoti yote hadi dukani kwake. Palijaa wateja.

Nikanyofoa manyoya mbele yao, nikawasha njiti.